Mbio za Bahari Mbili na Mkimbiaji Asiyekuwa na Jina

Novemba 2025, baada ya kumaliza marathoni ya New York katika nafasi ya 17, Eliud Kipchoge alitangaza kwamba sasa anakusudia kukimbia marathoni saba katika mabara saba. Siku zilizofuata nilisikia swali moja likirudiwa kila nilikopita, katika matatu na hata katika ukumbi wa wahadhiri: huyu bwana, ambaye ameshinda kila kilichostahili kushindwa, sasa anakwenda kutafuta nini?

Swali hilo halikuulizwa kwa kebehi. Ni swali la taifa lililozoea kumwona mkimbiaji kama mfanyakazi aliyetumwa ng'ambo alete kitu nyumbani: medali, rekodi au hundi. Yule anayejilipia nauli, akakimbia, akafika wa elfu nne, kisha akarudi kwake akichechemea, hatuna mahali pa kumweka. Hata lugha yetu inasitasita mbele yake. Kurasa za michezo zina mwanariadha, zina mtimkaji, zina bingwa na mshindi. Aliyemaliza tu hana jina.

Ili tumwelewe mtu huyu, hatuna haja ya kwenda Ulaya wala Marekani. Humu humu barani, katika jiji la Cape Town, mwezi wa Aprili hufanyika mbio za Two Oceans, yaani Bahari Mbili. Urefu wake ni kilomita 56, takriban kilomita 14 zaidi ya marathoni, na kwa hiyo huhesabiwa miongoni mwa zile ziitwazo ultramarathoni. Zilianza mwaka 1970 zikiwa na wakimbiaji 26, kama mazoezi tu ya kujiandalia mbio za Comrades, zile za kilomita zipatazo 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg ambazo zimekuwapo tangu 1921. Leo maelfu huzikimbia, na wengi wao wametoka mbali.

Jina lenyewe, kusema kweli, lina chumvi kidogo. Wanajiografia hutwambia kwamba Bahari ya Hindi na Atlantiki hupakana kwenye Rasi ya Agulhas, mbali kusini-mashariki mwa Cape Town, kwa hiyo mkimbiaji huona pande mbili za bahari ile ile moja. Na ghuba anayokutana nayo kwanza huitwa Ghuba ya Uongo, kwa kuwa mabaharia wa zamani waliotoka mashariki walidhani wamekwisha kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kumbe bado. Ni nani atakayewashtaki waandalizi kwa kuongeza bahari ya pili mahali ambapo ghuba yenyewe imekiri uongo wake?

Njia ya jadi huanzia Newlands kungali giza, ikateremka hadi Muizenberg na kufuata ufuo hadi Fish Hoek. Sehemu hiyo ni tambarare, na humo ndimo wageni wengi hujiponza, kwani miguu huwa mizima na bahari hushawishi. Kisha njia hukata rasi hadi Noordhoek na kuanza kupanda Chapman's Peak. Barabara hiyo ilichongwa ubavuni mwa mlima kati ya 1915 na 1922, ina kona 114 katika kilomita zipatazo tisa, na kilele chake kiko karibu kilomita ya 34. Kulia ni jabali. Kushoto, chini kabisa, ni Atlantiki. Mawe huporomoka pale mara kwa mara: baada ya maporomoko, barabara ilifungwa mapema mwaka 2000 na haikufunguliwa tena hadi Desemba 2003, na mbio zikalazimika kupitia mlima mwingine.

Nilipoikimbia njia hiyo nikiwa mgeni wa pale, niligundua kwamba uzuri wa mahali haupunguzi uchungu hata chembe. Huuahirisha tu. Chapman's Peak hupandwa kwa macho zaidi kuliko kwa miguu. Mteremko wa kuingia Hout Bay ndio hudai deni, kwani huyaponda mapaja, na hapo ndipo mtu hupita alama ya kilomita 42, ambapo marathoni ya kawaida ingekuwa imekwisha naye angekuwa ameketi akinywa maji. Badala yake huikuta Constantia Nek mbele yake. Mlima huu hauna bahari ya kutazama. Una miti, una kivuli, na lami imelalia upande mmoja kiasi kwamba mguu mmoja hufanya kazi ya miwili. Hapo karibu kila aliye nyuma ya mabingwa hutembea. Wenyeji husimama kando wakiwatajia watu majina yao, yaliyoandikwa kwenye namba za kifuani, na majina yetu ya Kiafrika Mashariki huyatamka kwa namna ya kumfurahisha mwanafonetiki yeyote.

Wanaotembea hapo ndio hasa ninaotaka tuwafikirie. Waandalizi wameweka ukomo wa saa saba tangu kuanza kwa mbio. Anayefika dakika moja baadaye hahesabiwi, awe nani. Lakini kabla ya dakika hiyo kila mtu ana nafasi yake, na kwa miaka mingi anayefika kati ya saa ya sita na ya saba amekuwa akivishwa nishani ya buluu, tofauti na dhahabu ya kumi wa kwanza, lakini nishani kamili.

Kiswahili, ambacho nimekilaumu hapo juu, kina siri yake katika jambo hili. Kitenzi kushinda kina maana ya kumpita mpinzani, na kina pia maana ya kukaa mahali mchana kutwa. Tunapoulizana "Umeshindaje?" hatuulizani medali. Mtu aliyekuwa barabarani kwa saa sita na dakika hamsini ameshinda kwa maana ya pili bila utata wowote, na sijui ni kwa nini katika michezo tumeibakiza ile ya kwanza peke yake.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba ukarimu huo wa Cape Town ni wa tangu hapo. Chini ya ubaguzi wa rangi, Waafrika hawakuruhusiwa kushiriki rasmi hadi katikati ya miaka ya sabini, na wanawake vivyo hivyo. Mwaka 1976 Gabashane Vincent Rakabaele wa Lesotho akawa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hizo. Miezi michache baadaye Kenya na mataifa mengine ya Afrika yalijiondoa katika Olimpiki ya Montreal, yakipinga kuwepo kwa New Zealand ambayo timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini. Mkenya wa wakati huo hangefikiria kwenda Cape Town kukimbia kwa raha zake.

Siku hizi tunakwenda. John Wachira alizishinda mbio hizi mwaka 2009, na Justin Chesire mwaka 2018. Hata hivyo mabingwa wetu hawamiminiki huko, na sababu si fumbo: marathoni za miji mikubwa hulipa zaidi, na kilomita 56 za milima humwacha mtu na uchovu wa kumharibia msimu. Hilo ni hesabu ya kazi, na mfanyakazi ana haki ya kuipiga. Ninalouliza ni kuhusu sisi wengine. Tangu Januari 2023 Mkenya anaweza kuingia Afrika Kusini bila visa na kukaa hadi siku 90 kwa mwaka. Kizuizi cha karatasi kimeondoka. Kimebaki cha mfuko, nacho si kidogo kwa mwalimu: nauli ya ndege, malazi, ada ya kujiandikisha ambayo kwa mgeni ni kubwa kuliko kwa mwenyeji. Nisingemshauri mtu yeyote akope kwa ajili hiyo.

Lakini kipo kizuizi cha tatu, nacho tumekijenga wenyewe shuleni. Mtoto wa Kenya hukutana na mbio kwa njia mbili. Ya kwanza ni adhabu: umechelewa, zunguka uwanja mara tano. Ya pili ni mchujo: wanaofaa huteuliwa kwenda ngazi ya kaunti ndogo, na waliosalia huketi nyasini kushangilia hadi kidato cha nne kiishe. Kutoka katika malezi hayo tumepata mabingwa wasio na kifani, hilo halina ubishi. Tumepata pia mamilioni ya watu wazima wasiokimbia kamwe isipokuwa wanapofukuzia matatu, ilhali Wazungu wanafunga safari hadi Iten ili wakimbie asubuhi kwenye vumbi letu jekundu.

Cape Town imetambua kwamba bingwa huja kuchukua zawadi akaondoka, na kwamba yule wa nishani ya buluu ndiye anayelala hotelini siku nne na jamaa zake. Lewa, ambako marathoni hukimbiwa ndani ya hifadhi ya wanyama tangu mwaka 2000, imelitambua pia. Pwani yetu bado. Kutoka vilima vya Shimba, Kwale, bahari huonekana vizuri, na barabara ya kupanda huko haihitaji kuchongwa upya.

Lakini kabla ya kuwaalika wageni, ningependa walimu wajaribu jambo dogo katika mbio za nyika za muhula ujao. Wasiwachuje wanafunzi. Watangaze ukomo wa muda, wa kutosha hata kwa anayetembea nusu ya njia, na wamwandike jina kila atakayefika ndani yake. Kwa desturi ya sasa, msichana wa mwisho katika mita 5,000 huvuka mstari akakuta meza ya waamuzi imekwisha kuondolewa.