Wacheni Kuzima Ulinzi wa Kompyuta za Watu ndio Draiva Iingie

Nitasema tu, mkasirike baadaye. Instola inayomwambia mwenye duka azime ukaguzi wa saini za draiva ndio kebo ya mizani ishike, hiyo si instola. Ni fundi wa kufuli anayeng'oa mlango mzima halafu anadai malipo.

Tuelewane. Programu ya kawaida ikikwama, inafungika peke yake. Draiva ya kebo kama hiyo inakaa kwa kerneli, moyo wa mfumo, na ikikosea mashine yote inaenda chini. Tarehe 19 Julai 2024 si tuliona? Sasisho moja bovu la CrowdStrike, lililosomwa na draiva yao, liliangusha kompyuta za Windows karibu milioni 8.5. Ndege zikalala chini. Na hao wana mainjinia kibao. Sasa wewe na draiva uliyookota mtandaoni?

Tangu Vista, Windows ya biti 64 inadai draiva za kerneli ziwe na saini. Saini inaonyesha nani ameitia na kwamba faili haijaguswa tangu hapo. Ukizima ukaguzi huo kwa sababu ya kebo moja, umefungulia wengine wote. Na kwa hiyo mashine ndiko kuna madeni, stoki na namba za wateja.

"Lakini ni kazi ngumu, bro." Ngumu wapi? NSIS ni ya bure. Wacha kunakili faili ya .sys kwa nguvu ndani ya System32. Beba .inf, .cat na .sys pamoja, halafu instola iite pnputil, ambayo Windows 10 inayo tayari: /add-driver, kisha /install. Ikirudisha 3010, draiva imeingia ila mashine inataka kuwashwa upya. Mwambie mteja hivyo, usimwachie abahatishe.

Na ukiona "pnputil haipatikani," usikimbilie kulaumu Windows. Instola ya biti 32 ikiulizia System32 inaelekezwa SysWOW64, na huko pnputil haiko. NSIS iko na amri ya kuzima huo uelekezaji. Ni mstari mmoja, jameni.

Najua jibu lenu: kebo za bei rahisi hazina draiva yenye saini. Basi usiziuze! Windows 10 inakuja na draiva yake, usbser, kwa vifaa vya USB vinavyofuata kanuni za CDC. Chagua hivyo, na hutahitaji hata kuandika instola.

Mwenye duka hajui saini ni nini, na si lazima ajue. Anakulipa wewe ujue. Mashine ikiingiliwa, wewe utakuwa umeshahamia mteja mwingine, yeye atabaki akihesabu hasara. Kama huwezi kuingiza draiva bila kuvunja ulinzi wake, rudisha pesa yake.