Siku Zako Zisipofuata Kalenda

Kongwa ingali inakumbuka mpango wa karanga walioanzisha Waingereza mwaka 1947. Hesabu zilitungwa mbali. Mvua ya hapa haikuzifuata, udongo wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa.

Kosa kama hilo huweza kumpata mama anayetafuta mtoto kwa vipimo vya mkojo vya kutambua kupevuka kwa yai. Huambiwa kwamba yai hutoka siku ya 14. Hiyo ni hesabu ya mwenye mzunguko wa siku 28. Kwa kawaida yai hutoka kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Basi mwenye mzunguko wa siku 40 atalitarajia karibu na siku ya 26. Akianza kupima siku ya 11 na vipimo vikamwishia siku ya 17, ataona mstari hafifu kila siku na kujidhania tasa, kumbe wakati wake ulikuwa bado.

Yafaa ufanyeje? Andika katika daftari siku ya kwanza ya kila hedhi kwa muda wa miezi sita. Chukua mzunguko uliokuwa mfupi kuliko yote, utoe 17. Ukiwa wa siku 32, anza kupima siku ya 15, uendelee kila siku mpaka mstari wa kipimo ukolee sawa na ule wa kulinganishia au kuuzidi. Hapo yai hutarajiwa kutoka baada ya saa 24 hadi 36. Usinywe maji mengi kabla ya kupima. Uangalie pia ute wa ukeni: ukiteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, wakati umekaribia.

Hata hivyo, kipimo huonyesha kupanda kwa homoni tu. Hakithibitishi kwamba yai limetoka. Kwa baadhi ya wanawake wenye vifuko vingi vidogo katika ovari, homoni hiyo huwa juu muda mrefu, na kipimo huwadanganya.

Kwa hiyo, ikiwa hedhi yako hupita siku 35 mara kwa mara, au imekosekana miezi mitatu nawe huna mimba, nenda kwa daktari. Usingoje mwaka upite. Baba naye afuatane nawe, mbegu zake zipimwe. Nyumba isiyo na mtoto ina watu wawili. Kumlaumu mama peke yake si haki.