Anayekwenda chuo kikuu, mpe daftari kwanza

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, mwanao amechaguliwa kwenda chuo kikuu. Hongera. Lakini hapa Kasulu na Kibondo tuna tabia moja isiyofaa: tunamwambia, "Wewe sasa ni msomi, achana na jembe." Hapo tunamnyima somo analolihitaji zaidi.

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Hata akipitia JKT, hubaki na wiki kadhaa nyumbani. Mkabidhi gunia moja la maharage alisimamie mwenyewe.

Tuseme amenunua kilo 100, kila kilo shilingi 2,000. Amelipa usafiri 8,000 na gunia tupu 1,500, kisha akauza kilo kwa 2,300. Asipoandika gharama, atasema faida ni 30,000. Akiandika, ataona ni 20,500. Kila jioni akusomee hesabu na kukueleza.

Awe anakwenda SUA Morogoro au kwingineko, hakuna mwalimu atakayemfuata bwenini. Fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo huja kwa awamu. Asiyejua kuzigawa hulala njaa. Kazi za darasani zina siku ya mwisho. Kwenye mafunzo kwa vitendo, msimamizi atataka taarifa fupi na sahihi. Mazoezi ya yote hayo yamo katika gunia lile.

Daftari la kaunta halifiki bei ya begi jipya. Linunue mapema, aanze nalo gulio lijalo.