POKÉMON: TUSIWADANGANYE WATOTO, TUWAAMBIE UKWELI



Ndugu wazazi, walimu wa madrasa, na nyinyi vijana wetu mlioko masomoni,

Mchezo wa Pokémon ulianza kuuzwa Japani tarehe 27 Februari 1996. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni wazazi, na watoto wao wanaucheza mchezo huo huo. Kwa muda wote huo sisi Waislamu tumeupiga vita. Swali la kujiuliza ni hili: je, tumeupiga pale penye ubaya, au tumerusha mawe gizani?

UVUMI SI HOJA

Mwaka 2001 Saudi Arabia iliupiga marufuku. Wanavyuoni wa huko walitaja kamari katika karata zake, alama walizoziona kuwa za Kizayuni, na habari ya viumbe kubadilika umbo. Mwaka 2016 ilipotoka Pokémon GO, fatwa ile ikavuma upya. Wanavyuoni wana heshima yao na hoja ya kamari ina uzito wake. Lakini nyuma ya fatwa ukapita uvumi, kwamba eti neno lenyewe maana yake ni "mimi ni Myahudi". Uvumi huo ulienea katika nchi za Kiarabu, na mpaka leo wapo wanaousimulia mbele ya watoto.

Ukweli ni kuwa jina hilo ni kifupi cha maneno mawili ya Kiingereza, Pocket Monsters, yaani madude ya mfukoni. Aliyeubuni, Satoshi Tajiri, alipokuwa mtoto katika vitongoji vya Tokyo alipenda kukusanya wadudu, na mchezo ukatokana na mapenzi hayo. Ndiyo maana kiwavi aitwaye Caterpie hujifungia ndani ya ganda akawa Metapod, kisha akatoka kipepeo Butterfree. Mtoto yeyote aliyetazama viwavi kwenye mchungwa anayajua hayo, wala hayamtoi katika dini yake.

Suratul Hujuraat, aya ya 6, inatuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuzitenda. Sasa mwalimu anayemwambia mtoto wa miaka kumi na mbili maneno ya uvumi, na mtoto akahakikisha kwa dakika moja kwenye simu, amepata nini? Amepoteza sikio la mtoto. Siku atakapomwambia madhara ya kweli, hatasikilizwa. Na madhara ya kweli yapo!

KUWAPIGANISHA

Tuanze na mapambano. Mchezaji huwa na viumbe wasiozidi sita, kila mmoja ana mashambulizi yasiyozidi manne. Maji hushinda moto, moto hushinda majani, majani hushinda maji, na kuna aina nyingine nyingi. Tuseme haki: hapo pana hesabu na kufikiri mbele, kama anavyofikiri mcheza bao. Anayesema mchezo huu ni upumbavu mtupu hajawahi kuutazama.

Lakini tazameni hadithi iliyofungwa humo. Mtoto anaondoka kwao, anawakamata viumbe wa porini, anawafunza, kisha anawasukuma wapigane ili yeye apate sifa. Aliyeshindwa hafi, huzimia tu, na akipelekwa kituo cha tiba huinuka mzima mara moja bila malipo. Tunayo hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi inayokataza kuwachochea wanyama wapigane. Hatusemi kwamba picha kwenye kioo ni jogoo wa kweli. La hasha! Hakuna kiumbe aliyeumia. Tunasema mtoto anahitaji mtu wa kumwambia kwamba nje ya kioo maumivu hayafutiki kwa kubonyeza. Mtu huyo ni mzazi, na mara nyingi mzazi hayupo.

KUZALISHA NA KUTUPA

Lililo zito zaidi, ambalo halisemwi mimbarini wala barazani, ni kuzalisha. Lilianza katika matoleo ya Gold na Silver mwaka 1999. Dume na jike huachwa kituo cha malezi, likapatikana yai, na yai haliangukiwi mpaka mchezaji atembee hatua nyingi. Yai la Dratini, katika matoleo ya zamani, lilitaka hatua zipatazo 10,000. Basi mtoto anapanda baiskeli ya mchezoni na kwenda mbele na nyuma katika njia ile ile, saa nzima, kidole kimoja kwenye kitufe. Hapo hakuna kufikiri kama bao.

Kwa nini anafanya hivyo? Kwa sababu kila kiumbe ana namba sita za siri: za uhai, kushambulia, kujilinda, mashambulizi maalumu, ulinzi maalumu na kasi. Tangu matoleo ya mwaka 2002 kila namba huanzia 0 hadi 31. Ukiacha bahati iamue, kumpata aliyetimia zote sita ni mmoja katika zaidi ya bilioni moja. Kwa hiyo wachezaji huchagua wazazi. Tangu mwaka 2013 kifaa kiitwacho Destiny Knot hurithisha namba tano kutoka kwa wazazi, na ya sita hubaki bahati. Hata wazazi wakiwa wametimia wote, mtoto aliyetimia hutarajiwa mmoja katika mayai 32.

Na wale 31 je? Huachiliwa mmoja mmoja. Huyu kasi yake pungufu, nenda. Yule kinga yake pungufu, nenda. Mwenye kuwinda rangi adimu naye, kwa kukutana na kiumbe wa kawaida, nafasi yake ilikuwa 1 katika 8,192, na tangu mwaka 2013 ni 1 katika 4,096. Hesabu hizi si za kumburudisha mtu. Ni za kumweka.

Tutajibiwa kuwa mambo yamebadilika. Ni kweli. Tangu mwaka 2016 watengenezaji waliweka njia ya kupandisha namba za kiumbe aliyekwisha kukua, bila kuzalisha upya. Lakini hilo si utetezi, ni ushahidi kwamba mzigo ulikuwa mzito. Na katika Pokémon GO mlango mwingine upo wazi: mashine moja ya kutotolea ni bure, za ziada hununuliwa kwa sarafu za mchezo, na sarafu hizo huuzwa kwa fedha halisi. Mtu analipa ili apasue yai asilojua lina nini. Wazazi, jambo hilo mnajua linafanana na nini!

TUFANYE NINI?

Kwanza, tukae na watoto wetu tuwaombe watuonyeshe. Mzazi anayejua namba sita za siri atasikilizwa kuliko anayepiga kelele mlangoni.

Pili, tusikubali kisingizio cha "siwezi kuacha sasa hivi". Katika safari ya kawaida ya mchezo huu hakuna saa inayomkimbiza mtu. Nje ya pambano anaweza kuhifadhi na kuzima karibu popote. Ni pambano la mtandaoni tu lenye muda maalumu, basi lisianzwe adhana ikiwa karibu.

Tatu, kadi ya benki na namba ya siri ya fedha za simu visikae mikononi mwa mtoto.

Nne, mwenye uwezo ampe mtoto kuku wa kulea. Yai la kuku huatamiwa siku 21, na hakuna baiskeli ya kuliharakisha. Kifaranga dhaifu hatupwi kwa kuwa namba zake hazikutimia, huwekwa penye joto na kupewa maji. Mwanamke aliyemfungia paka hadi akafa aliadhibiwa kwa ajili yake, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Hilo ndilo somo, na halisomeki kwenye kioo.

Vijana wetu, hatuwaiti makafiri kwa sababu ya mchezo. Tunawauliza tu: ukimaliza kuhesabu namba za viumbe wako, nani atazihesabu saa zako?

Tunamuomba Allah (SW) atupe ukweli katika ndimi zetu na baraka katika wakati wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.