Je, Bakteria Huzoea Dawa?

Miongoni mwa makosa tunayorithishana darasani ni usemi huu: "Vijidudu vimeizoea dawa." Nimeusikia mara nyingi nikiwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Usemi huu ni mwepesi, lakini wapotosha: humfanya mtoto aamini kwamba bakteria huitambua hatari, kisha hujibadilisha kwa makusudi ili waokoke.

Mwaka 1943, huko Marekani, Salvador Luria na Max Delbrück walilipima jambo hili. Waliotesha bakteria katika mirija mingi, kila mmoja mbali na mwingine, kisha wakawapambanisha na virusi viwauavyo. Kama bakteria wangalibadilika kwa sababu ya kukutana na adui, idadi ya walionusurika ingalikaribiana katika kila mrija. Haikuwa hivyo: mingine haikuwa na hata mmoja, na michache ilikuwa nao wengi mno. Basi mabadiliko yalikwisha kutokea kabla, kwa bahati tu. Virusi vilichagua, havikufundisha.

Hata hivyo, tusiseme kwamba mazingira hayana athari. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba njaa, mionzi, na baadhi ya dawa zinazoharibu DNA huweza kuzidisha mabadiliko, kwa kuwa bakteria aliyejeruhiwa hutumia vimeng'enya vya dharura vinavyonakili DNA kwa makosa mengi. Makosa huzidi, lakini hayaelekezwi kwenye faida.

Nashauri tulifundishe hivi. Andika sentensi ndefu ubaoni. Wanafunzi wainakili kwa utulivu, kisha wainakili tena upesi huku ukiwahimiza. Hesabuni makosa ya kila mara. Aghalabu ya pili huwa mengi zaidi, wala hakuna aliyekosea kwa nia ya kuiboresha sentensi.

Wako watakaosema kwamba somo hili ni zito kwa shule ya msingi. Sikubaliani nao. Mtoto anayeamini kwamba ni mwili wake uliozoea dawa, huona kumeza vidonge vilivyosalia nyumbani ni shauri lake peke yake. Anayeelewa kwamba dawa huua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, nao wakamwambukiza hata jirani, ataona sababu ya kufuata maelekezo ya mganga.

Kwa hiyo, mwalimu, chunga kitenzi chako. Usiseme "wamezoea", sema "waliosalia ni wale sugu."