"Break up" si kuachana tu!

Mwezi huu nakumegea siri yangu, ila usinicheke.

Desemba 2013 mchumba wangu alikuwa Uingereza akisomea ualimu, akifanya mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari moja ya huko. Jumatano usiku ikaingia meseji: "We break up on Friday." Basi! Nikaisoma mara kumi. Yaani mtu ananiacha, na siku kanipangia? Nikamjibu, "Asante kwa yote," nikazima simu. Siku mbili chakula hakikupita.

Ijumaa mama akaingia chumbani. "Mwanangu, mkwe wangu kanipigia analia. Umemfanya nini?"

Nikawasha simu, naye akapiga palepale. Laini mbovu kweli! Nilichoambulia ni, "Baby, you're breaking up!" Nikamjia juu: "Mimi? Si wewe uliyeniacha?"

Kumbe maskini wa Mungu hakuniacha mara zote mbili. Waingereza shule zikifunga kwa likizo husema "we break up". Na sauti ikikatikakatika kwenye simu, husema "you're breaking up".

Hebu tuliweke sawa. Ukitaka kusema fulani kamwacha fulani, ongeza "with": "She broke up with him", yaani kampiga chini. Ukiamulia ugomvi, "you break up a fight". Mkutano ukiisha watu wakatawanyika, "the meeting broke up". Likiwa kitendo ni maneno mawili. Huko kuachana kwenyewe ni neno moja, "breakup". Na usilichanganye na "break down": hilo ni la gari kuharibika njiani, au mtu kuangua kilio, kama mimi Jumatano ile!

Ila kosa langu halikuwa Kiingereza. Mimi na digrii yangu ya mawasiliano, nilishindwa kuuliza swali moja tu: "Una maana gani?" Kiburi kilinizuia, nusura nimpoteze mtu. Shoga yangu, kaka yangu, meseji ikikuchoma, uliza kwanza ndipo uzime simu. Na mazito ya moyoni yasemeni kwa lugha mnayoielewa wote wawili.

Mwalimu huyo leo ndiye baba watoto wangu. Shule zikifunga hunitumia meseji ileile makusudi. Nami humjibu: "Sawa, rudi na mkate."