ASIYETAKA MAITI WAHESABIWE ANAFICHA NINI?

Huko Marekani mtu mweusi hulipa kodi kama mweupe, lakini kansa haiwaui sawasawa. Kansa ya matiti huwapata wanawake weupe zaidi kidogo; walakini penye vifo 100 vya weupe, vya weusi ni karibu 140, idadi ya watu ikiwa sawa. Kwa nini? Ni mshahara? Ni hospitali? Ni moshi wa mtaani? Bila uchunguzi hatujui, na mwenye kampuni ya dawa hutafuta faida, si sababu ya maskini kufa. Basi kazi hiyo ni ya fedha za serikali.

Mwaka 1993 sheria iliamuru weusi watiwe katika uchunguzi. Mwaka 2025 serikali yao ikakata fedha hizo. Jaji wa Boston alisema ni ubaguzi. Mwezi wa Agosti mahakama ya juu kabisa, kwa kura 5 kwa 4, ikaacha zikatwe.

Ati kuhesabu kwa rangi ndio ubaguzi! Ndugu, kutohesabu hakuponyi mtu.

Na sisi tusikae kimya. Kansa ya koo inamaliza watu wetu Bonde la Ufa. Kodi ni jasho letu: tudai ichunguze vifo vyetu.

Umoja ni nguvu!